Mlinzi Mpya wa Tovuti ya Punda

Lesiamon alikuwa na akili nyingi. Hilo hakuna aliyelibishia Karatu nzima, na wa mwisho kulibishia angekuwa yeye mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye kompyuta mbili, kiti kimoja kizima, na bango mlangoni: TOVUTI, USALAMA WA MTANDAO NA PICHA ZA PASIPOTI. Alizaliwa upande wa Ngorongoro, akasomea Arusha, akaoa Kakesio. Tovuti kumi na moja za mjini aliziunda yeye: za nyumba za wageni, za mashamba ya kahawa ya Oldeani, na moja ya kwaya. Hizo zote alizilinda huku anakunywa chai. Iliyomtoa jasho ni ya kumi na mbili, ya kikundi cha wanawake wa Kakesio wanaotembeza wageni kwa miguu, mizigo ikibebwa na punda. Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa mama mkwe wake.

Kama wewe si mtu wa kule utasema, kuna nini hapo? Mama mkwe ni mama tu. Ehe! Jaribu. Kwa Wamaasai, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chini ya paa moja, hawali wakitazamana, wala hawapigi porojo. Tangu siku Lesiamon alipompelekea kondoo wa posa, waliitana Paker, yaani mtu wa kondoo, huyu akimwita huyu na huyu akimwita huyu. Zaidi ya salamu, maneno yao yalipitia kwa mtu wa tatu, na mara nyingi huyo alikuwa Resiato, mke wa Lesiamon. Heshima si utumwa, na Lesiamon aliipenda sana heshima hiyo. Ilimpa nafasi ya kumwogopa mama yule kwa mbali.

Na sababu ya kumwogopa alikuwa nayo. Mwaka uliopita wezi wa mtandao waliingia kwenye tovuti ya punda. Hawakuiba kitu. Walichukua picha ya mama mkwe, ile nzuri aliyopigwa akiwa amevaa shanga zote na kushika kamba ya punda, wakaandika chini yake kwamba mama huyu amebashiri mechi tano na kushinda gari. Habari zilifika kanisani kabla Lesiamon hajaamka. Mwinjilisti alimwita mama mkwe pembeni, akamuuliza kwa upole kabisa gari lenyewe liko wapi. Neno la siri la tovuti lilikuwa karatu123, na aliyeliweka mnamjua.

Baada ya aibu hiyo Lesiamon aliandaa semina, Resiato akaipeleka Kakesio. Msimwamini mtu yeyote anayepiga simu kuulizia tovuti. Hata akiwa na sauti ya mwanao, msimwamini, siku hizi wezi wanaiga sauti. Hata akijiita mkwe wako, kata simu. Wanawake walisikiliza vizuri. Mama mkwe alisikiliza kuliko wote, maana yeye ndiye aliyeulizwa gari.

Basi, Jumatano moja asubuhi toleo jipya la plagini ya ulinzi likatoka. Plagini ni kile kipande cha programu unachokichomeka kwenye tovuti ili iwe na askari getini. Lesiamon alisoma sifa za toleo hilo kwa sauti, akimsomea Inosenti, fundi simu wa chumba cha pili, Mmbulu wa Mbulumbulu ambaye kazi zake zilikuwa hazijaanza kuingia.

"Sikia, Inosenti. Lile la zamani ukikosea neno la siri mara ishirini linakutazama tu. Hili, mara tatu, linakufungia nje siku saba, kompyuta na laini yake. Na hata ukipatia halikufungulii hivi hivi. Linamtumia mmiliki ujumbe kwenye simu: kuna mtu yuko mji fulani, anataka kuingia, je, ni wewe? Akibonyeza Ndiyo, unaingia. Akibonyeza Hapana, inahesabika umekosea, imekula kwako."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili, bwana! Wameongeza Kiswahili."

"Duh," Inosenti alisema. "Sasa wamemaliza kazi."

Lesiamon alikuwa na haraka na kazi hiyo. Jumamosi saa sita mchana Angela, wakala wa safari wa Arusha, angewaonyesha wageni wake, wenye kampuni za safari za ng'ambo, tovuti za vikundi vinne vya matembezi, wachague wenyewe wateja wao watatembea na nani msimu mzima. Wanawake wa Kakesio walikuwa wameinunulia siku hiyo kamba mpya za punda. Lesiamon alitaka Angela aikute tovuti ikiwa safi, na askari mkali getini. Kwa hiyo akaifunga kwa muda, akaweka kibao: "Tunafanya marekebisho. Karibuni tena baadaye." Kisha akaanza kuchomeka.

Plagini ilimtaka kwanza abadilishe neno la siri. Akalibadilisha, akatabasamu peke yake. Halafu ikauliza: namba ya simu ya mmiliki?

Fundi mwingine yeyote hapa duniani angeandika namba yake mwenyewe akaendelea na maisha. Mkono wa Lesiamon ulisimama. Mmiliki ni nani? Tovuti ni ya mama mkwe, punda ni wa mama mkwe, hata ile picha ni ya mama mkwe. Kuandika namba yake pale aliona ni sawa na kupiga chapa yake kwenye ng'ombe wa ukweni. Akaandika namba ya mama mkwe, kwa adabu zote, akabonyeza Hifadhi. Plagini ikamshukuru, ikajizima, ikajiwasha, na ikamtoa nje.

Hakuwa na wasiwasi. Akaandika neno la siri, likakubaliwa. Skrini ikasema: "Tunamuuliza mmiliki." Baada ya dakika mbili ikasema: "Mmiliki amekataa."

"Amekosea kitufe," Lesiamon alisema, akajaribu tena. Mmiliki amekataa. Akapangusa viganja kwenye suruali, akajaribu mara ya tatu. Safari hii jibu lilikuja upesi zaidi, na chini yake palikuwa na maelezo: kompyuta hii na laini hii zimefungiwa siku saba.

Simu ya Resiato iliita wakati huohuo. Alikuwa amemletea mumewe uji, akapokea akiwa amesimama mlangoni, na sauti ya mama yake ikasikika mpaka kwa Inosenti.

"Takwenya!"

"Iko, yeyo," Resiato aliitikia salamu ya mama yake.

"Mwambie mume wako nimemkamata mwizi nikiwa hapa kilimani tunakopata mtandao! Amegonga mara tatu, na mara tatu nimemkatalia. Simu imeniandikia asante. Na mwambie mwizi hayuko mbali, yuko hapohapo Karatu!"

Resiato alimtazama mumewe. Lesiamon alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Yeyo," Resiato alisema taratibu, "huyo aliyegonga ni mume wangu, Baba Kaika."

Sauti ya upande wa pili ikawa kali. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Resiato!"

"Sauti ni ya Resiato, hilo nakubali. Lakini Resiato mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusiamini sauti. Halafu nikwambie kitu, wewe mwizi. Mkwe wangu nina naye miaka tisa. Ana adabu. Hawezi kunigongea mlango mara tatu asubuhi moja hata kama nyumba inaungua." Akakata simu, kama alivyofundishwa, akaizima kabisa kulinda chaji.

Inosenti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alipopata pumzi akauliza kwa nini Lesiamon asimpigie mama huyo mwenyewe akamweleza.

"Nikimpigia mimi mwenyewe kumwomba kitu, ndipo atajua kwa hakika kwamba si mimi," Lesiamon alisema kwa huzuni.

"Kwa hiyo umeweka mlinzi ambaye ukija kwa adabu hakuoni, na ukija bila adabu anakukamata."

"Ndiyo."

"Bwana, hilo toleo ni zuri kweli."

Lesiamon alimpigia Angela, akamwomba asogeze mbele siku. Angela alikuwa mtu mwema, lakini wageni wake walikuwa wanaondoka Jumapili. "Nitafungua tovuti zote saa sita," alisema. "Nikikuta kibao cha marekebisho, kaka, nitawaambia nini? Wataenda kwa waliofungua." Lesiamon alikaa na simu mkononi muda mrefu. Mama mkwe alikuwa ameshamsamehe gari. Hili la kuwakosesha wanawake wote msimu wa wageni kwa sababu ya akili zake nyingi, aliona kabisa kwamba hatasamehewa, na kwamba mama yule hatasema neno hata moja. Atamwita Paker kama kawaida, kwa sauti ya chini kidogo. Hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

Ijumaa alfajiri akapanda Land Cruiser iliyobeba mahindi na watu, wakapita geti la Ngorongoro, wakapanda kwenye ukungu wa ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili mpaka Endulen. Kutoka hapo akachukua pikipiki. Kompyuta yake ya pili, ile ambayo haikufungiwa, aliitia laini mpya, akaifunga kifuani kwa shuka kama mtoto mchanga, na kila korongo alishukuru kuliaga. Kakesio alifika saa kumi jioni, vumbi mpaka kwenye kope.

Hakwenda bomani kwa mama mkwe. Alisimama mbali, karibu na zizi la punda, akamtuma Seenoi, katibu wa kikundi, apeleke salamu. Hakusogea. Alipoletewa kigoda alikaa akitazama upande mwingine. Mama mkwe alichungulia kwa muda akiwa mlangoni, akasema, "Huyo ndiye." Adabu ile hakuna mwizi aliyewahi kuiiga.

Seenoi alibeba maelezo kutoka zizini hadi mlangoni, na majibu kutoka mlangoni hadi zizini, mara saba. Mwishowe kicheko kirefu kikasikika bomani, na Seenoi akarudi akijifuta macho. "Mwenyekiti anasema, kumbe mwizi ni mtu wa kondoo wake. Anasema pole na safari. Kesho tutapanda kilima cha mtandao, mambo yaishe."

Asubuhi, saa nne, kilima kilijaa wanawake. Hakuna aliyetaka kusimuliwa. Lesiamon alikaa upande mmoja wa jiwe kubwa, mama mkwe upande wa pili, wasionane. Seenoi akasimama katikati. Mpango ulikuwa rahisi: Lesiamon aandike neno la siri, ujumbe uje, mama mkwe abonyeze Ndiyo. Akafungua kompyuta.

"Ngoja kwanza," ilisema sauti nyuma ya jiwe. "Seenoi, simu itaniuliza nini?"

"Itauliza kama anayeingia ni wewe, mama."

"Na anayeingia ni nani?"

"Ni Paker wako."

"Basi jibu ni Hapana."

Wanawake wakaguna. Seenoi akamweleza kwamba ni kitufe tu, hakina macho, hakiwezi kujua. Mama mkwe hakuyumba. Alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, kwenye darasa la kisomo la kanisani, na kwake neno lililoandikwa lilikuwa neno. "Mwinjilisti ameshaniuliza gari liko wapi. Sitaki aje aniulize na uongo nimeupeleka wapi. Nimeulizwa kama ni mimi. Si mimi."

Nyuma ya jiwe Lesiamon alifumba macho. Kibaya ni kwamba mama huyu alikuwa sahihi. Katika watu wote aliowahi kuwawekea mlinzi, huyu ndiye wa kwanza aliyesoma swali akalijibu kama lilivyoulizwa.

"Lakini," mama mkwe aliendelea, "nikiingia mimi, jibu litakuwa Ndiyo. Leteni hiyo kompyuta huku. Kila herufi nitaiandika mimi, yeye anielekeze tu."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Seenoi akaibeba kompyuta akazunguka nayo jiwe. Mama mkwe akakunja miguu, akaiweka mapajani, akasema yuko tayari. "Muulize neno la siri."

"Neno la siri!" Seenoi alipaza sauti, ingawa Lesiamon alikuwa hatua sita tu.

Lesiamon akakohoa. "Mwishoni," alisema, "mwishoni kuna elfu mbili kumi na sita, na alama ya mshangao."

"Na mwanzoni?" Seenoi aliuliza.

Lesiamon akakohoa tena.

"Paker wa watu, mwanzoni kuna nini?"

"Mwanzoni siwezi kusema."

Basi ikawa sherehe. Ni neno gani mtu mzima hawezi kulisema? Ni tusi? Ni jina la mwanamke wa Karatu? Seenoi alimpa kalamu na kipande cha boksi ili aandike. Lesiamon aliishika kalamu, akaiweka kwenye boksi, akaiondoa. Kuliandika neno lile kwenye boksi, lipite mikononi mwa kilima kizima, ingekuwa kulitangaza mara ishirini. Kwenye kompyuta lilikuwa nukta nyeusi tu, hakuna aliyeliona. Akarudisha kalamu.

"Atakuwa ameweka jina la mkewe anaona haya," Seenoi aliamua, na kabla Lesiamon hajapiga kelele mama mkwe alikuwa ameshaandika Resiato na kilichofuata. Kompyuta ikakataa. Mwingine akasema ni punda, si ndiyo tovuti ya punda? Wakaandika punda. Ikakataa tena.

"Acheni!" Lesiamon alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Imebaki mara moja. Mkikosea tena, tumefungiwa wote siku saba."

Vicheko vikafa. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini, na chaji ya kompyuta ilikuwa inaelekea mwisho. Huko Arusha Angela alikuwa anapanga viti. Neno lilikuwepo, liko mdomoni mwa Lesiamon. Kulisema ni sekunde moja, na wanawake wangepata msimu wao. Alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili ulimi ukakataa. Miaka tisa ulikuwa umelikataa, hata ndotoni. Ndiyo maana Jumatano ile, plagini ilipomwambia achague neno ambalo hatamtamkia mtu yeyote, alitabasamu. Alikuwa nalo moja tu, na aliona hakuna mwizi duniani atakayemsikia akilitamka.

"Seenoi," mama mkwe alisema polepole. "Muulize, hilo neno ni baya?"

"Si baya," Lesiamon alijibu mwenyewe, akasahau kupitisha kwa mtu. "Ni zuri sana. Ila si langu kulisema."

Punda mmoja alikohoa. Kisha mama mkwe akaanza kucheka, kicheko kidogo kwanza, cha tumboni, halafu kikampanda mpaka shanga zikalia. Wanawake wakamkodolea macho. Alimwambia Seenoi asogee pembeni na wenzake wote, wampe mgongo. Wakampa.

Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kwa zamu yake. Hakuna mkwe aliye na adabu anayelitaja jina la mama wa mke wake, ndivyo ilivyo tangu zamani, na yeye alikuwa hajaliona jina lake likiandikwa na mtu yeyote tangu darasa la kisomo. N, kubwa. O. S. I. M. Kisha mwaka ambao binti yake aliolewa. Kisha alama ya mshangao, ambayo aliitafuta muda mrefu.

Simu ikatetemeka kwenye shuka lake. Akaisoma kwa sauti, neno moja moja, kama walivyofundishwa. "Mtu. Aliyeko. Kakesio. Anataka. Kuingia. Je. Ni. Wewe?"

Kilima chote kikasubiri.

"Ndiyo," mama alisema. "Ni mimi." Akabonyeza.

Saa sita kasoro dakika nne kibao cha marekebisho kikaondoka, Lesiamon akielekeza na mama mkwe akibonyeza, na picha yake ya shanga na punda ikatokea, haina gari wala mechi. Saa saba Angela alipiga simu kwa Seenoi kusema wageni wamechagua Kakesio, na vigelegele vikasikika mpaka bondeni. Lesiamon hakupiga kelele. Alikuwa ameketi upande wake wa jiwe, amechoka, akiwaza kazi iliyobaki: namba ya simu abadilishe, na neno la siri abadilishe, maana neno ambalo mtu mwingine ameliandika si siri tena. Akamwita Seenoi, akamwomba apeleke ujumbe huo.

Seenoi alikwenda, akarudi.

"Anasema namba ya simu badilisha, weka yako, amechoka kukukamata. Lakini hilo neno anasema, mwambieni Paker asiliguse."